PIMA KARAI KABLA YA KUNUNUA SAMAKI
Somo kuhusu kuchagua kadi ya picha ya kompyuta ya nyumbani

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Mwaka huu nimeona heri nisiwaletee kisa cha Sungura na Fisi bali niwaletee somo. Somo lenyewe nimelilipia shilingi 1,000 taslimu, zilizopotea kwa ujinga wangu mwenyewe, na sitaki mwenzangu yeyote alilipie tena. Linahusu kadi ya picha ya kompyuta, kile kifaa ambacho mafundi wetu hukiita grafiksi kadi, na jinsi ya kuchagua nyingine pindi ya kwanza inapokufa.

KISA CHENYEWE

Sisi twaishi Obunga, hapa hapa Kisumu. Mgeni akija kwetu, pua humkaribisha kabla ya macho. Mama zetu wengi hukaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kutoa minofu. Mama yangu ana karai lake nje ya mlango. Ndani, karibu na dirisha, kaka yangu mkubwa ana kompyuta. Kaka hurekodi arusi, kwaya na mazishi, kisha usiku hukaa akihariri video. Kwa karai na kompyuta tunakula, tunalipa kodi ya nyumba, na karo yangu hutoka papo hapo.

Ijumaa moja ya muhula wa pili, kaka aliwasha mashine akaona mistari ya kijani na zambarau imetapakaa kwenye skrini. Mara giza. Akazima, akawasha tena. Giza totoro! Wakati huo alikuwa hajamaliza video ya mazishi ya mzee mmoja wa Kajulu. Familia ilikuwa imekwisha kulipa arbuni, au diposti kama tusemavyo mtaani, na walitaka kuionyesha kwenye ibada ya ukumbusho wiki iliyofuata.

"Grafiksi imekufa," kaka akasema, na uso wake ukasinyaa.

Mama hakusema neno. Aliingia chumbani akatoka na shilingi 12,000 zilizofungwa katika leso. Nilizijua pesa hizo. Elfu saba kati yake zilikuwa karo yangu. Kesho yake kaka alikuwa na arusi ya kurekodi kule Siaya, kwa hivyo mama akanigeukia mimi. "Wewe ndiwe unasoma kompyuta shuleni. Nenda ukachague."

KOSA LANGU

Jumamosi asubuhi nilifika mjini mbio mbio. Katika duka moja niliona kadi ya Radeon RX 580, kubwa kama matofali, yenye feni mbili zinazong'aa. Lo! Nilipigwa na butwaa. Muuzaji alitaka 10,500. Nilimwachia arbuni ya 1,000 ili asiiuze, nikarudi nyumbani nikitabasamu.

Jioni kaka aliporudi tulifungua sipiyu, lile sanduku la kompyuta. Sanduku letu ni jembamba, la aina ya Dell OptiPlex zilizotumika maofisini ng'ambo kabla ya kuletwa huku. Nilipomwonyesha kwa viganja urefu wa ile kadi, aliangalia sanduku, akaniangalia mimi, akacheka kicheko kisicho na furaha. Kadi ile isingeingia hata kwa nyundo. Arbuni nayo ilikuwa haina kurudishwa.

Mama alikuwa akigeuza samaki. Aliniambia hivi: "Nyathina, mimi nikienda kununua mgongo sitoi pesa kabla ya kujua karai langu linabeba nini. Wewe ulipima nini?"

Nilinyamaza. Sikuwa nimepima chochote.

KADI YA PICHA NI NINI?

Tuanze na msingi. Skrini ya kawaida ya siku hizi ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Ukizidisha utapata nukta 2,073,600. Skrini hiyo huchorwa upya mara 60 kwa kila sekunde, kwa hivyo rangi za nukta zaidi ya milioni 124 huamuliwa kila sekunde moja! Nani atafanya kazi hiyo?

Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ni kama mwalimu mkuu: ana akili nyingi, lakini yuko peke yake. Prosesa yetu, Core i5 ya kizazi cha tatu, ina viini vinne tu. Kadi ya picha ni kama shule nzima ya wanafunzi. Kila mmoja anajua hesabu ndogo tu, lakini wote wanaifanya kwa pamoja. GeForce GTX 1050 Ti, kwa mfano, ina viini 768. Ndiyo sababu kadi hiyo hufaa katika michezo ya kompyuta, na pia katika kuhariri video, kwa maana kubadilisha rangi ya video ni kubadilisha nukta mamilioni.

Jina la GPU, ambalo ndilo jina la ile chipu iliyo katikati ya kadi, lilienezwa na kampuni ya Nvidia mwaka 1999 ilipotoa GeForce 256. Tangu hapo aina za kadi zimekuwa nyingi kama omena, na ndipo mnunuzi hupotea.

JE, MGONJWA NI NANI HASA?

Hatua ya kwanza si kununua. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba ni kadi kweli inayougua. Jumapili mimi na kaka tulifanya hivi, na wewe unaweza kufanya vivyo hivyo:

1. Tulibadilisha waya wa skrini, kisha tukaijaribu skrini yenyewe kwa kompyuta ya jirani. Skrini ilikuwa nzima.

2. Tulichomoa waya wa stima, tukagusa chuma cha sanduku ili kuondoa umeme tuli mwilini, tukatoa kadi. Tulisugua taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli, tukairudisha. Giza bado.

3. Tulitoa kadi kabisa, tukachomeka waya wa skrini kwenye tundu lililo nyuma ya mashine, lile la ubao mkubwa ambao mafundi huuita mazabodi. Tukawasha.

Skrini ikawaka! Kumbe prosesa nyingi za Intel zina sehemu yao ndogo ya picha humo humo ndani. Kadi ilikuwa imekufa, lakini mashine ilikuwa hai. Kaka alikaa chini usiku ule ule akaanza kumalizia video ya mzee wa Kajulu. Picha zilikwama-kwama kama matatu yenye injini mbovu, na kipande cha dakika tano chenye marekebisho ya rangi kilichukua zaidi ya saa nzima kutoka. Alikesha siku tatu. Lakini kazi ilifika kwa wenyewe kabla ya siku yao.

Msomaji, hapa pana jambo la kutia akilini. Ile haraka iliyonitia hasarani haikuwa na haja. Laiti tungejaribu hivi Ijumaa, tungejua kwamba tuna wakati wa kuchagua. Haraka haraka haina baraka.

Jambo jingine tulilogundua lilimhuzunisha mama. Feni ya kadi ya zamani ilikuwa imeganda. Masizi ya moshi yaliyochanganyika na mafuta ya kukaangia yalikuwa yameishika kama gundi. Kadi ilikuwa imepikwa na joto lake yenyewe. "Kumbe ni moshi wangu ulioiua?" mama aliuliza. Kaka akamjibu, "La, mama. Moshi wako ndio ulioinunua. Ni mimi niliyeiweka dirishani." Siku hiyo hiyo tulihamisha meza hadi ukuta wa upande wa pili.

MASWALI MATANO YA KARAI

Baada ya hapo nilimwendea mwalimu wetu wa kompyuta, maana kuuliza si ujinga. Nilitoka na maswali matano. Nimeyapa jina la maswali ya karai.

Swali la kwanza: Kadi ni ya kazi gani? Mtu anayeandika barua na kutazama sinema hahitaji kununua kadi yoyote, ile picha ya ndani ya prosesa inamtosha. Mcheza michezo huhitaji nguvu ya kuchora. Mhariri wa video huhitaji pia sehemu maalumu ndani ya kadi inayofunga video iwe faili ndogo. Hapa pana mtego. GeForce GT 1030 ya mwaka 2017 ni ya bei nafuu na inaingia kwenye sanduku dogo, lakini haina sehemu hiyo ya kufunga video. Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 nayo haina. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 inayo, na GTX 1650 ya mwaka 2019 inayo. Kadi mpya zaidi si lazima ikufae zaidi.

Swali la pili: Itaingia? Chukua rula. Pima urefu kutoka nyuma ya sanduku hadi kizuizi cha kwanza. Pima kimo. Masanduku membamba hutaka kadi fupi kwa kimo, yenye kibati kifupi cha kufungia. Tena hesabu sloti: kadi nyingi ni nene na hufunika sloti mbili. Ikiwa pembeni mwa sloti yako pana kitu kingine, kadi nene haitaingia.

Swali la tatu: Stima itatosha? Hili ndilo swali linalosahaulika zaidi. Kila sipiyu ina pawa saplai, na ubavuni mwake pameandikwa wati zake. Yetu ni ya wati 240. Sloti ya kadi, kwa kanuni, hutoa wati 75 tu, na mashine nyingine za ofisi zimewekewa kiwango cha chini zaidi, kwa hivyo soma kijitabu cha mashine yako. Kadi inayokula zaidi ya hapo huhitaji waya wake wa ziada kutoka kwa pawa saplai: waya wa pini sita huongeza wati 75, na wa pini nane 150. Pawa saplai yetu haina waya hata mmoja wa aina hiyo. Sasa tazama hesabu:

Prosesa yetu: wati 77.
Mazabodi, diski na feni: tuseme wati 50.
RX 580: wati 185.
Jumla: wati 312, kwa pawa saplai ya 240!

Tukiweka GTX 1050 Ti yenye wati 75, jumla inakuwa 202. Inabaki akiba ya 38. Ile kadi niliyoitamani ingekuwa kama kufunga ng'ombe wanne kwa kamba ya mbuzi.

Swali la nne: Skrini itaunganishwaje? Skrini yetu ni ya zamani, yenye tundu la buluu la VGA. Kadi za GeForce kuanzia familia ya GTX 10 hazitoi tena picha ya aina hiyo. Ilinibidi kuweka kando pesa za kigeuzi cha kutoka HDMI hadi VGA. Ni kitu kidogo, lakini ukikisahau utarudi nyumbani na kadi nzima na skrini nyeusi.

Swali la tano: Je, jina ndilo mwenyewe? Kuna kadi mbili zinazoitwa GT 1030. Moja ina kumbukumbu ya GDDR5, nyingine iliyokuja mwaka 2018 ina DDR4. Ya kwanza hupitisha gigabaiti 48 za data kwa sekunde, ya pili 16.8 tu. Jina moja, sanduku linafanana, lakini moja ni mbio za Kipchoge na nyingine ni mwendo wa kinyonga. Usisome jina peke yake. Soma maandishi madogo.

KUKAGUA KADI KUUKUU

Wengi wetu hatuwezi kununua mpya, kwa hivyo twanunua zilizotumika. Si vibaya. Lakini mama hanunui samaki bila kufungua matamvua. Nawe fanya hivi.

Mosi, uliza ilikotoka. Kwa miaka kadhaa watu duniani walitumia kadi za picha, RX 580 zikiwemo, kuchimba sarafu za kidijitali mchana na usiku. Sarafu ya Ethereum ilipobadilisha mfumo wake mwezi wa Septemba mwaka 2022, kazi hiyo ilikoma kwa ghafla na kadi nyingi zilizochoka zikaingia sokoni. Nyingine bado ni nzima, nyingine feni zake zimekwisha.

Pili, jihadhari na bandia. Kuna walaghai wanaochukua chipu ya zamani, wakabadilisha maandishi yake ya ndani ili kompyuta iione kama GTX 1050 Ti. Vyote ving'aavyo si dhahabu. Dawa yake ni programu ya bure iitwayo GPU-Z. Tangu mwaka 2018 programu hiyo hutambua bandia nyingi za chipu za Nvidia na kuandika wazi kwamba ni feki. Hata ukiona GTX 1050 Ti yenye tundu la VGA, itilie shaka.

Tatu, iwashe mbele yako. Usikubali kuambiwa "hii ni sawa tu, nenda nayo." Iache ifanye kazi ngumu nusu saa. Sikiliza feni. Tazama kama kuna mistari. Halafu dai risiti yenye siku za kurudisha.

Nne, uliza umri wake. Nvidia ilitangaza mwaka 2025 kwamba kadi za kizazi cha GTX 1050 Ti hazitapata tena draiva mpya za kawaida, isipokuwa marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi. GTX 1650 ni ya kizazi kinachofuata, na haikuguswa na tangazo hilo.

TULICHOCHAGUA

Hapo ndipo tulipobishana. Mimi nilitaka GTX 1650 fupi, kwa sababu ina maisha marefu mbele. Niliyotajiwa bei yake ilikuwa 16,000. GTX 1050 Ti fupi iliyotumika ilikuwa 9,500 kutoka kwa muuzaji wa Luthuli, Nairobi, mwenye wakala hapa mjini anayekubali mteja aijaribu kwanza. Kaka alinyamaza. Mama ndiye aliyeuliza swali lililokata shauri: "Hiyo ya bei kali itamaliza video mbili wakati hii inamaliza moja?"

Nikasema la, kwa kazi ya kaka tofauti si kubwa hivyo.

"Basi deni la nini?"

Tukanunua ya 9,500, na kigeuzi cha 600. Ongeza ile elfu yangu iliyopotea, jumla ikawa 11,100. Zikabaki 900, ambazo mama alizirudisha ndani ya leso. Tulijua tumenunua kadi ya kututumikia miaka michache tu. Tulichagua hivyo kwa macho yetu mawili, wala hatukudanganywa na mtu.

Kile kipande cha dakika tano kilichochukua zaidi ya saa sasa hutoka kwa dakika kumi na kitu. Kaka hulala usiku. Karo yangu ililipwa baada ya video mbili, wiki tatu zilizofuata. Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mimi ndimi hufungua sipiyu na kupangusa feni kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Kazi hiyo nilijipa mwenyewe. Ni faini yangu.

HITIMISHO

Wenzangu, kadi nzuri kuliko zote duniani ni mbaya ikiwa haingii katika sanduku lako, haishibi kwa stima yako, au haifanyi kazi yako. Kwanza mchunguze mgonjwa. Pili pima karai. Tatu kagua samaki. Pesa zitoke mfukoni mwisho, si mwanzo. Nami nilifanya kinyume, nikajifunza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Zoezi kwa msomaji:

1. Sipiyu ya shangazi yako ina pawa saplai ya wati 300 isiyo na waya wa ziada. Prosesa yake hula wati 65 na vitu vingine wati 50. Je, kadi ya wati 120 itamfaa? Toa sababu mbili.

2. Jirani yako anaandika barua za watu na kutazama mpira. Kadi yake imekufa. Utamshauri afanye nini kabla ya kutoa hata ndururu?

3. Fungua sipiyu ya nyumbani kwenu, ukiomba ruhusa kwanza na ukichomoa waya wa stima. Feni ngapi zimeshika masizi?

Atakayepata majibu anione darasani.